Jinsi Familia Inavyoweza Kujenga Akiba: Mwongozo Kamili Kuanzia Daftari Hadi Mfuko wa Dharura

Anasa si sababu kubwa ya familia nyingi kukosa akiba. Kinachozimaliza ni mambo ambayo tarehe zake zilijulikana tangu mwanzo wa mwaka, lakini yanapofika hupokewa kana kwamba hakuna aliyeyatarajia: ada za shule, bima, matengenezo ya nyumba, sikukuu, sherehe ya ndugu iliyotangazwa miezi minane kabla. Kila moja huitwa dharura, huchota kidogo kilichokuwa kimewekwa, na wenye nyumba hubaki wakiamini kwamba wao si watu wa kuweka akiba. Mwongozo huu unalichukulia tatizo hilo kuwa la mpangilio kabla ya kuwa la nidhamu, na hatua zake zimepangwa kwa namna ambayo kila moja inaitegemea iliyotangulia. Anayeanza na hatua ya nne kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa na fedha ndani yake atalazimika kurudi nyuma.

Katika mifano yote nimetumia familia moja ya kufikirika yenye mapato ya 1,000 kwa mwezi. Soma tarakimu hizo kwa fedha yako mwenyewe, kisha ongeza sifuri zinazohitajika.

Hatua ya kwanza: andikeni kila kinachotoka kwa siku 30

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno hayo yanaeleza hasa kinachotokea katika nyumba ambayo hesabu zake zimo kichwani. Kabla ya kutunga bajeti yoyote, tafuteni daftari moja la kawaida, lichoreni safu tatu za tarehe, kiasi na kilicholipiwa, kisha liwekeni mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba analiona. Kwa siku 30 msijaribu kubana matumizi. Ishini kama kawaida na kuandika tu, kwa sababu mwezi ulioigizwa hautawafundisha chochote. Nashauri msiweke safu ya nne ya jina la aliyenunua. Safu hiyo hugeuza daftari kuwa hati ya mashtaka, na mtu anayejua kwamba atashtakiwa huacha kuandika.

Kuna matumizi ya aina mbili ambayo ni rahisi kusahauliwa: fedha taslimu zilizotolewa na kuyeyuka mfukoni, na makato ya kutuma na kutoa fedha. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilichoka siku ya 11 na kuliacha, nikaanza upya mwezi uliofuata, na kilichonishangaza mwishoni ni kwamba yale makato madogo madogo, ambayo sikuwahi kuyahesabu kuwa matumizi, yalikuwa yameipita bili yetu ya umeme. Hakuna hata moja kati yake lililoonekana kubwa siku lilipokatwa. Bandu bandu huisha gogo.

Wanaodhani kwamba kuandika kwa mkono kumepitwa na wakati wakumbuke mfano wa Japani, ambako mwandishi wa habari Hani Motoko alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na desturi hiyo, iitwayo kakeibo, bado inaendelea katika nyumba nyingi. Programu ya simu nayo inafaa kabisa, ilimradi wenye nyumba wote wawili waweze kuifungua na kuisoma.

Hatua ya pili: wekeni hesabu zote mezani

Mwezi ukiisha, wenye nyumba wakae pamoja kwa saa moja. Mkutano huu wa kwanza una kazi moja tu, nayo ni kufichua. Maamuzi yangoje wiki ijayo. Kila mmoja ataje mapato yake yote pamoja na yale ya pembeni, madeni yake yote, mikopo ya watu wengine aliyoidhamini, na ahadi alizotoa kwa wazazi au ndugu. Mkopo uliodhaminiwa mara nyingi haumo katika hesabu ya nyumba mpaka siku mkopaji anaposhindwa kulipa, na siku hiyo unakuwa deni lenu.

Msaada kwa ndugu unastahili maneno ya ziada, kwa sababu ndio unaozua ugomvi mwingi. Ukiachwa nje ya bajeti hautoweki, bali hutolewa kwa siri na kufidiwa kutoka fedha za matumizi ya nyumbani. Ni afadhali upewe mstari wake wenye kiasi kinachojulikana kwa mwezi, ili anayepigiwa simu aweze kujibu kwa ukweli kwamba fungu la mwezi huu limekwisha na kwamba linalofuata litapatikana tarehe fulani. Vivyo hivyo, kila mtu mzima awe na kiasi kidogo, kilichokubaliwa, ambacho haulizwi amekitumiaje. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kama mwanya wa uzembe, lakini kwa maoni yangu ndicho kinachoifanya bajeti ivumilike hadi mwaka wa pili.

Hatua ya tatu: tengenezeni kalenda ya malipo ya miezi 12

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukueni karatasi kubwa, igawanyeni katika miezi 12, kisha pitieni mwaka uliopita mwezi baada ya mwezi mkiuliza ni malipo gani yaliyotokea nje ya matumizi ya kila siku. Stakabadhi za zamani, taarifa za benki na jumbe za malipo kwenye simu zitawakumbusha yale mliyoyasahau. Andikeni kila jambo katika mwezi wake pamoja na kiasi chake. Yale yasiyo na tarehe maalumu, kama vile kuharibika kwa bomba, matairi kuchakaa au mtoto kuhitaji viatu vipya, yakadirieni kwa mwaka mzima. Hamjui ni mwezi gani, lakini mnajua kwamba mwaka hautapita bila hayo.

Familia yetu ya mfano inalipa ada mara tatu kwa mwaka, kila mara 200, ambazo zinakuwa 600. Bima ni 180, matengenezo ya nyumba na vyombo ni 240, sikukuu na sherehe za ndugu ni 180. Jumla ni 1,200 kwa mwaka, yaani 100 kila mwezi. Tazama jinsi sura ya tatizo inavyobadilika: malipo ya ada ya 200 ni moja ya tano ya mapato ya mwezi ambao yanaangukia, na mwezi huo ndipo familia inapokopa, lakini 100 kwa mwezi ni moja ya kumi, kiasi kinachoumiza kidogo ila hakimwangushi mtu.

Kuna ugumu mmoja wa mwanzo ambao ni vizuri kuujua mapema. Kugawa kwa 12 kunafanya kazi vizuri pale tu mzunguko unapokuwa umeshaanza. Ikiwa ada inadaiwa baada ya mwezi mmoja, mtakuwa na 100 mkononi huku mkihitaji 200. Kwa hiyo mwaka wa kwanza gawanyeni kila lipo kwa idadi ya miezi iliyobaki kabla ya tarehe yake, na mkubali kwamba michango ya miezi ya mwanzo itakuwa mikubwa. Likishalipwa mara moja, lipo hilo huhamia kwenye mgawanyo wa kawaida. Ikiwa hata hivyo kiasi kinashindikana, basi kalenda imewaeleza jambo muhimu miezi kadhaa kabla: mnaweza kuomba kulipa kwa awamu mkiwa bado hamdaiwi, na ombi la namna hiyo husikilizwa kwa sikio tofauti na ombi la mtu aliyekwisha chelewa.

Hatua ya nne: gawanyeni fedha siku ileile zinapoingia

Akiba inayongoja mabaki ya mwisho wa mwezi huwa haipatikani, maana matumizi hupanuka kulingana na fedha zilizopo. Siku ya mapato, kabla ya kulipa kitu kingine, fedha zitenganishwe kimwili au kiakaunti katika mafungu manne: matumizi ya mwezi, malipo yanayojulikana ya ile kalenda, dharura, na malengo ya mbali. Kama benki au huduma yenu ya fedha inaruhusu agizo la kudumu la kuhamisha kiasi fulani kila tarehe ya mshahara, litumieni, ili uamuzi uliofanywa mara moja usihitaji kufanywa upya kila mwezi na mtu aliyechoka.

Kuna kanuni maarufu inayosema asilimia 50 ya mapato iende kwenye mahitaji, 30 kwenye matakwa na 20 kwenye akiba na madeni. Ni kipimo kizuri cha kujilinganisha, lakini nyumba ambayo kodi na chakula pekee vinakula asilimia 70 haitapata faida yoyote kwa kujilaumu nacho. Anzeni na asilimia 5, au hata 2, mradi itengwe kila mara bila kuruka. Familia yetu ya mfano inatenga hivi: mahitaji ya lazima 600, malipo ya kalenda 100, rejesho la mkopo 120, dharura 50, na 130 zinazobaki ni za ndugu, burudani na fedha binafsi za kila mmoja. Fungu la malengo ya mbali bado ni tupu, na hilo si kosa. Litajazwa mkopo ukiisha.

Wenye mapato yasiyo na tarehe, kama vile wafanyabiashara, mafundi na wakulima, wana kazi ya ziada. Angalieni miezi 12 iliyopita, tafuteni mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote, na bajeti ya nyumba ijengwe juu ya kiasi cha mwezi huo. Mapato yote yaingie kwanza kwenye akaunti ya kazi, kisha mjilipe kutoka humo mshahara uleule kila mwezi. Mwezi mnono ukija, ziada ibaki kwenye akaunti ya kazi ikingoja mwezi wa ukame. Jambo gumu hapa ni kuuona wingi wa fedha na kutoushangilia.

Kuhusu nyongeza ya mapato, kubalianeni juu yake kabla haijaja. Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango ambao wafanyakazi waliahidi mapema kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara ya baadaye itakwenda kwenye akiba. Walioingia katika mpango huo walipandisha akiba yao kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ya mshahara katika miezi 40. Hawakuhisi kupunguziwa, kwa sababu fedha zilizokwenda akibani hazikuwahi kufika mikononi mwao. Familia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa sentensi moja iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: nusu ya kila nyongeza ni ya akiba.

Hatua ya tano: shughulikieni madeni kwa kuyaelewa kwanza

Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga huwa marefu zaidi kwa yule asiyejua riba yake inakokotolewaje. Kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza, riba hutozwa juu ya salio, yaani juu ya kile ambacho bado unadaiwa. Katika njia ya pili, riba hutozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, hata kama umekwisha kuurudisha kwa sehemu kubwa.

Chukua mkopo wa familia yetu ya mfano: 1,200 kwa mwaka mmoja, riba ya asilimia 20 kwa njia ya pili. Riba ni 240, jumla ni 1,440, na rejesho ni 120 kwa mwezi: 100 za mkopo na 20 za riba. Mwezi wa kwanza unalipa riba ya 20 ukiwa umeshika 1,200 za mkopeshaji. Mwezi wa 12 unalipa riba ileile ya 20 ukiwa umebakiwa na 100 tu mkononi. Ukiukokotoa mkopo huo kwa njia ya salio, gharama yake halisi ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Kwa hiyo mkopo wa asilimia 25 juu ya salio ni nafuu kuliko huu wa asilimia 20, ingawa tangazo linaonyesha kinyume. Kabla ya kutia saini, ulizeni swali moja: nitarudisha jumla ya kiasi gani, pamoja na ada zote, na kwa miezi mingapi?

Madeni yakiwa mengi, lipeni kiasi cha chini kinachotakiwa kwa yote, kisha kila ziada ielekezwe kwenye deni moja. Kihesabu, deni lenye riba kubwa ndilo linalostahili kutangulia. Hata hivyo, nimeona watu waliokata tamaa wakipata nguvu kwa kuanza na deni dogo kuliko yote na kulifuta kabisa, na kama hiyo ndiyo itakayowafanya mwendelee, tofauti ya riba ni bei ya kulipa. Msisimamishe fungu la dharura wakati mnalipa madeni. Lipunguzeni mkipenda, lakini nyumba isiyo na chochote pembeni hukopa upya kila mtu anapougua.

Hatua ya sita: jazeni mfuko wa dharura, kisha muulinde

Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi ni mahitaji ya miezi mitatu hadi sita. Kikokotoeni kwa mahitaji ya lazima, wala si kwa mapato. Familia yetu inahitaji 600 kwa mwezi, hivyo lengo la miezi mitatu ni 1,800. Kwa kutenga 50 kila mwezi, itachukua miezi 36, muda unaokatisha tamaa. Lakini mkopo wake unaisha baada ya miezi 12, na wakati huo mfuko utakuwa na 600. Wakilihamishia lile rejesho la 120 kwenye mfuko siku ileile mkopo unapoisha, watakuwa wanaweka 170 kwa mwezi na kufikisha lengo ndani ya miezi minane zaidi, yaani 20 kwa jumla. Siri yote imo katika kutouacha mwezi hata mmoja upite kati ya rejesho la mwisho na uhamisho wa kwanza, kwa kuwa 120 zilizozoeleka kutoka nje zikikaa nyumbani mwezi mmoja hupata kazi nyingine.

Kabla ya kugusa mfuko huu, wenye nyumba wote wawili wajibu maswali matatu: je, jambo hili halikuwemo kwenye kalenda, je, halingojei mwezi ujao, je, lisipofanyika litadhuru afya, makazi au kazi yetu? Ikiwa lilikuwemo, au linaweza kungoja, au halitadhuru chochote kati ya hivyo, fedha zitoke kwingine. Mfuko ukae mahali ambapo fedha zinapatikana ndani ya siku moja au mbili, lakini si kwenye akaunti ya simu inayofunguliwa kila siku.

Fedha za dharura hazitafuti faida; zinatafuta kuwepo. Fedha za malengo ya mbali, kwa upande mwingine, zinaliwa na mfumuko wa bei zikilala tu. Kuna hesabu ya haraka ya kufaa hapa: gawanya 72 kwa asilimia ambayo fedha zinakua kwa mwaka, utapata makadirio ya miaka ya fedha hizo kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12, kwa asilimia 12 ni miaka 6. Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inaonyesha kwamba bei zikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka, fedha zilizofichwa nyumbani hubaki na nusu ya uwezo wake baada ya miaka 9 hivi. Inasaidia pia kuwatambua matapeli. Anayeahidi kukuongezea fedha maradufu kwa mwezi mmoja anadai kuwa na biashara ambayo hakuna benki duniani inayoifahamu.

Hatua ya saba: washirikisheni watoto kwa vitendo

Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kupewa kiasi kidogo kila wiki, siku ileile, na kukigawa katika chupa tatu zinazopitisha mwanga: ya kutumia, ya kuweka na ya kutoa. Mwanga una maana, kwani mtoto huamini anachokiona kikipanda. Mwacheni akosee. Aliyemaliza chupa ya kutumia siku ya kwanza asiongezewe, na asisimangwe pia.

Kuna kosa moja la wazazi ambalo huharibu yote haya, nalo ni kuchukua fedha kwenye chupa ya mtoto "kwa muda" na kutozirudisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwahi kuwapa watoto wadogo chaguo la kula kitamu kimoja sasa au kusubiri wapate viwili. Kabla ya hapo, nusu yao walikuwa wamekutana na mtu mzima aliyetimiza ahadi, na nusu nyingine na mtu aliyeahidi na asitimize. Waliotimiziwa walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Mtoto asiyesubiri huenda amefanya hesabu yake vizuri tu. Mkilazimika kukopa kwake, andikeni deni hilo kwenye daftari la nyumba na mlilipe tarehe mliyosema.

Hatua ya nane: kikao cha nusu saa kila mwezi

Chagueni siku moja au mbili baada ya mapato kuingia. Someni daftari, linganisheni kilichotumika na kilichopangwa, tazameni miezi mitatu ijayo kwenye kalenda, rekebisheni fungu moja au mawili, mfunge. Kikao kikizidi nusu saa kinaanza kuogopwa, na kikao kinachoogopwa huahirishwa. Watoto wakubwa wahudhurie sehemu ya kalenda, hasa pale panapozungumzwa ada na safari zao.

Kutakuwa na miezi ambayo mpango utavunjika: ugonjwa, kazi kupotea, au uzembe wa kawaida. Mwezi wa namna hiyo ukipita, andikeni kwenye daftari kilichotokea kwa mstari mmoja, na mapato yanayofuata yagawanywe kwa viwango vilevile vya zamani. Msijaribu kufidia kwa kuweka mara mbili, maana mwezi wa mara mbili nao utashindikana na mtakuwa na miezi miwili iliyovunjika badala ya mmoja. Ikiwa fungu lilelile limevunjika mara tatu mfululizo, kiasi kilichopangiwa ni kidogo kuliko maisha yenu yalivyo, na kinapaswa kuongezwa kwa kupunguza fungu lingine katika kikao kijacho.